Bendeji niliyoikaza mwenyewe

Kila asubuhi nilimkuta Baba amelala kitini, mguu wa kushoto umening'inia. Nami kila asubuhi nikimrudisha kitandani, nikiupandisha juu ya mito miwili.

"Uwache chini, mwanangu. Ukiwa juu waniuma."

Sikumsikiliza. Jirani yetu pale Kibokoni alikuwa na kidonda kwenye fundo la ndani la mguu, mguu umevimba. Hospitali wakamfunga bendeji ya kukaza, wakamwambia auinue, akapona. Cha Baba kilikuwa fundo la nje, kikubwa kama shilingi kumi, kingo zake kama zimekatwa kwa patasi. Ndani kumepauka, hakitoi damu hata kikiguswa. Kwangu mimi kidonda ni kidonda. Nikanunua bendeji kama ile, nikaikaza kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Kesho yake vidole vilikuwa vimepiga weusi, na Baba anauma shuka.

Nesi aliyetupokea hospitali aliifungua bendeji kabla hata ya kuuliza jina. Akanishika mkono, akauweka juu ya wayo. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi, na mguu ule ulikuwa baridi kama mtungi. Ngozi yang'aa, haina unywele mmoja. Akapima presha ya mkono: 150. Kwenye fundo la mguu akatumia kijimashine cha kusikilizia damu. Mguu wa kulia kilivuma. Wa kushoto kilinong'ona tu. 60. Akaandika pembeni ya cheti: 60 gawanya kwa 150, 0.4.

"Mzima hupata 1 au zaidi kidogo. Chini ya 0.9, ateri, mishipa ya kushushia damu mguuni, zina matatizo. Jirani yenu damu ilishindwa kupanda kurudi moyoni. Ya mzee yashindwa kushuka, nawe ukaifungia njia."

Ndiyo maana aliutaka mguu chini: hata ile damu kidogo ilipata mteremko.

Hapo nikakumbuka safari zetu za Marikiti. Kila baada ya hatua kadhaa Baba alisimama kwenye baraza la watu, akaamkua, akauliza habari za watoto, kisha akaendelea. Mtaa mzima tulimsifu kwa kupenda watu. Kumbe shavu la mguu lilikuwa likimbana, akingoja lipoe. Na sigara ilikuwa mdomoni tangu ujana wake bandarini Kilindini.

Sigara aliiacha siku hiyo hiyo. Akaanzishiwa aspirini na dawa ya kolesteroli, na baada ya kupigwa picha ya mishipa, daktari alipitisha mrija mwembamba kinenani, akaipanua ateri ya paja kwa kiputo. Kidonda kikafunikwa kwa wepesi, bila kukazwa.

Wiki ya pili Mama alipokuwa akibadilisha kitambaa alipiga ukelele. Nikakimbia. Kitambaa kilikuwa na tone la damu, jekundu, bichi, na chini yake nyama ya waridi imeanza kuchomoza. Nilimpigia nesi simu huku nalia, nikamwambia: kimetoa damu.