George Simion: kutoka saini za barabarani hadi kura milioni 5.3

Mwaka 2011, George Simion, kijana kutoka mji wa Focșani nchini Romania, alianzisha jumuiya iliyoitwa Acțiunea 2012. Mwaka uliowekwa kwenye jina ulitimiza miaka 200 tangu Urusi ilipoitwaa Bessarabia, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Jamhuri ya Moldova. Lengo lilikuwa kuiunganisha Moldova na Romania, na kaulimbiu "Basarabia e România" (Bessarabia ni Romania) ilisambaa kwenye kuta za miji mingi. Simion alikuwa pia kati ya waanzilishi wa Honor et Patria, kundi la mashabiki sugu wa timu ya taifa ya soka. Tusilipuuze hilo. Shabiki wa namna hiyo anajua kupanga mabasi, kushona mabango makubwa na kuimba kwa sauti moja, na chama kichanga kinahitaji watu kama hao kuliko wasomi.

Moldova ilimfukuza mwaka 2015 na kumpiga marufuku kuingia nchini humo. Kila katazo lilimpa habari za bure kwenye televisheni.

Juni 2019 harakati zake zilibadilika sura. Kwenye makaburi ya wanajeshi ya Valea Uzului, yanayogombaniwa na Waromania na Wahungaria, Wahungaria wa Romania walishikana mikono kuzuia njia, na umati wa Waromania ukalivunja lango. Simion alikuwepo. Kwangu hapo ndipo mapenzi kwa ndugu wa ng'ambo ya mpaka yalipogeuka kuwa kidole kwa jirani wa ndani, na inauma, kwa sababu wengi waliomfuata mwanzoni walikuja kwa ajili ya hayo mapenzi.

Siku chache kabla ya hapo alikuwa amejipima kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya kama mgombea binafsi. Sheria ilimtaka alete saini 100,000. Akazipata, kisha akaambulia kura 117,141, yaani 1.29%. Wanaharakati wengi hukwama hapa. Mtu husaini akiwa njiani kwenda sokoni, lakini kura ni lazima aifuate mwenyewe kituoni. Tena mgombea binafsi anapimwa kwa kugawanya kura zote kwa idadi ya viti, kwa hiyo alihitaji zaidi ya maradufu ya kura hizo.

Chama ndicho kilichobaki, na mlango ulikuwa wazi. Zamani kusajili chama Romania kulitaka wanachama 25,000. Tangu 2015 watu watatu wanatosha. Mwaka huohuo wa 2019 ikazaliwa AUR (Muungano wa Umoja wa Waromania), akiiongoza pamoja na Claudiu Târziu, aliyetoka kwenye vuguvugu la kutetea ndoa ya mwanamume na mwanamke pekee. Vuguvugu hilo lilikuwa limekusanya saini karibu milioni 3, ingawa kura yake ya maoni ya 2018 ilianguka kwa sababu waliojitokeza hawakufika 30%. Mmoja alileta vijana na bendera, mwenzake akaleta waumini.

Kwenye uchaguzi wa mitaa wa Septemba 2020 AUR ilipata takriban 1%. Wiki kumi baadaye ikapata 9% za kura za bunge, na kizingiti cha kuingia bungeni ni 5%. Katikati palikuwa na masharti ya korona, yakiwemo ya kuwazuia mahujaji wa nje ya mji wa Iași kwenye sikukuu ya Mtakatifu Parascheva, na hasira ikapata mwenyewe. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa karibu theluthi moja tu, hali inayobeba chama chenye wafuasi wachache wenye bidii. Waromania walioko Italia waliipa AUR nafasi ya kwanza.

Mei 2025, baada ya Mahakama ya Katiba kufuta uchaguzi wa rais wa 2024, Simion aliongoza duru ya kwanza kwa karibu 41%. Duru ya pili akapata 46.4%, kura milioni 5.3, akashindwa na Nicușor Dan, ambaye naye alitokea kwenye harakati za kiraia: alianza kwa kutetea majengo na bustani za Bucharest. Mara hii waliopiga kura walikuwa karibu 65%.

Kwenye vituo vya Moldova, Dan alipata karibu 88%. Waliopiga kura huko ni raia wa Romania, watu walewale ambao Simion alisema anawapigania tangu 2011. Lakini wanaishi na wanajeshi wa Urusi huko Transnistria, eneo la Moldova lililojitenga, na mgombea anayepinga kuipa Ukraine silaha hakuwapa usalama wowote.