Simu yangu ilikuwa hailali

Saa nne usiku niliiacha mezani ikiwa na asilimia 94. Saa kumi na mbili asubuhi kengele ilipolia nikakuta 58. Hakuna aliyeigusa. Skrini ilikuwa imezimwa, simu imelazwa kifudifudi, na mwenyewe nilikuwa nakoroma. Asilimia 36 zimekwenda wapi?

Ilikuwa siku ya nne tangu niondoe mfumo uliokuja na simu na kuweka romu, yaani mfumo mwingine wa Android unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Nilihama kwa sababu ileile ya wengi: kiwandani walishaacha kuleta masasisho, na simu yenyewe bado nzima, kioo hakina hata mkwaruzo. Romu sitaitaja jina. Wanaoitengeneza hawalipwi, na sioni haki jina lao libandikwe kwenye wiki mbili za hasira zangu. Niseme tu kwamba kwa mfumo wa zamani simu hii ilikuwa ikila asilimia tano usiku mzima, sita ikizidi sana.

Siku mbili za mwanzo sikulalamika, na wewe usilalamike. Romu mpya ikishaingia, simu ina kazi nyingi za chinichini: inazipanga upya programu zote ulizorudisha, inapekua picha na nyimbo, inavuta barua pepe na majina ya watu. Lazima ile chaji. Ila siku ya nne kazi hizo zilikuwa zimekwisha zamani.

Wiki ya kwanza niliipoteza bure. Nilipunguza mwanga wa skrini, wakati tatizo lilikuwa linatokea skrini ikiwa imezimwa! Niliweka programu ya kuua programu nyingine, nikagundua kwamba inayouawa inafufuka baada ya dakika moja, na kule kufufuka ndiko kunakokula chaji. Nilibadilisha kanuni ya mwendo wa prosesa kwenye kerneli, kile kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa vya simu, simu ikawa nzito kama imelewa, na asubuhi nikakuta 59. Faida ya asilimia moja.

Halafu kuna ule ushauri usiokufa: futa faili la batterystats.bin ili «kurekebisha betri». Nilikuwa nimeshaufuata zamani kwenye simu nyingine, nikaufuata tena. Faili lile ni daftari tu. Linaandika nani ametumia nini tangu simu ilipochomolewa kwenye chaja, na mfumo wenyewe hulianza upya ukishaijaza chaji. Halina mkono wowote katika asilimia unayoiona juu ya skrini. Kulifuta ni sawa na kuchana daftari la dukani ukidhani deni limekufa.

Mdogo wangu hakuwa na muda wa hadithi zote hizo. «Kaka, betri hiyo imechoka. Badilisha, ulale.» Lilikuwa wazo la maana, kwa hiyo nililipima badala ya kubishana. Simu nyingi za Android huandika mahali fulani uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Kwangu yalikuwa mafaili mawili ndani ya /sys/class/power_supply/battery, charge_full_design na charge_full, na kuyasoma kulihitaji ruhusa za mzizi (root), zile za juu kabisa za mfumo. La kwanza lilisema 4000000, la pili 3448000. Ukigawanya kwa elfu unapata mAh, kipimo cha uwezo wa betri: kutoka 4,000 hadi 3,448, yaani imebaki na asilimia 86. Imezeeka, ndiyo. Lakini betri iliyopungua asilimia 14 haiwezi kuufanya usiku mmoja kula chaji zaidi ya mara saba ya kawaida. Tena wiki moja kabla, betri ileile ilikuwa inakesha bila shida. Nikamwambia, akaguna, akarudi kwenye simu yake.

Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha nikachukua daftari. La karatasi.

Jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo ni hili: simu iliyowekwa mezani haitakiwi «kukaa kimya», inatakiwa kulala. Prosesa inasimama kabisa, inabaki sehemu ndogo ya kusikilizia simu zinazoingia. Kinachoizuia kulala ni kitu ambacho watengenezaji wanakiita weikiloki. Mimi naziita kabari, kile kipande cha mti unachokisukuma chini ya mlango usijifunge. Programu inayocheza muziki inaweka kabari ili wimbo usikatike, ikimaliza inaiondoa. Shida inakuja pale mtu anapoweka kabari akasahau kuitoa.

Kabari zenyewe ni za aina mbili, na kutozitofautisha ndiko kulikonigharimu wiki nzima. Kuna za programu, na kuna za kerneli, zinazowekwa na madereva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vyenyewe: waifai, Bluetooth, modemu (kile kinachoongea na minara ya mtandao), kitambuzi cha alama ya kidole. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna utaratibu unaoitwa Doze: simu ikikaa muda bila kuguswa wala kusogezwa, mfumo unaanza kuzipuuza kabari za programu na kuzipa nafasi ya kupumua mara mojamoja tu. Ni utaratibu mzuri. Ila kabari ya dereva haigusi. Kwa hiyo ukizibana programu zako zote hadi zilie, na mwenye kabari ni dereva, asubuhi utakuta 58.

Nikaunganisha simu na kompyuta kwa waya, nikafuta kumbukumbu za matumizi ya betri ili daftari la mfumo lianze upya, kwa kuandika kwenye kompyuta amri ya adb shell dumpsys batterystats --reset, nikachomoa, nikalala. Asubuhi nikaendesha amri ileile bila neno la mwisho. Inatapika maelfu ya mistari. Usiogope, ya kwanza kuitafuta ni mmoja, ule wa «Time on battery». Una namba mbili. Inayoitwa «realtime» ni muda wote uliopita kwa saa ya ukutani. Inayoitwa «uptime» ni muda ambao prosesa ilikuwa macho. Yangu ilisomeka saa 8 na dakika 4, kisha saa 6 na dakika 51.

Nilitazama namba zile nikiwa bado na tongotongo. Simu yangu ilikuwa imelala saa moja na dakika 13 tu usiku kucha. Mimi nilikuwa nimelala zaidi yake!

Nikashuka hadi orodha za kabari. Upande wa programu wote ulikuwa na dakika 18. Unaweza kuthibitisha hilo hata ndani ya orodha ya kerneli: kuna jina PowerManagerService.WakeLocks, ambalo ni gunia la kabari zote za programu zikiwa pamoja. Jina hilo likiwa juu ya orodha, mwizi wako ni programu, na orodha ya pili itakuambia ipi. Kwangu lilikuwa la tano. La kwanza lilikuwa jina la ovyo, herufi na mistari ya chini, lakini ndani yake neno «modem» lilisomeka waziwazi. Saa 5 na ushee.

Hata hivyo jina moja kwenye orodha si hukumu. Modemu inaweza kukesha kwa sababu halali: mtandao hafifu unaifanya iongeze nguvu na kutafuta mnara bila kuchoka. Nikaangalia kwenye taarifa za laini ndani ya mipangilio: -84 dBm, kipimo cha nguvu ya mtandao. Hiyo ni nguvu nzuri. Ukianza kuona -110 na kushuka, hapo una haki ya kuulaumu mtandao.

Sasa likaja lile linalochosha kuliko yote katika kazi hii: kila jaribio linakula usiku mzima. Ukibadilisha vitu viwili usiku mmoja, asubuhi hujui kipi kimesaidia. Nikaweka sheria: usiku mmoja, badiliko moja, saa nne hadi saa kumi na mbili. Kurasa zangu zinasomeka hivi. Hali ya ndegeni, kila kitu kimezimwa: imepungua 2. Hali ya ndegeni lakini waifai imewashwa: 5. Laini imewashwa, waifai imewashwa, data ya simu imezimwa: 31. Usiku wa nne nikatoa kadi ya laini kabisa nikaacha modemu iwake peke yake: 29.

Ule usiku wa nne ndio uliofunga mjadala. Bila laini, bila data, hakuna programu ya kulaumu. Modemu yenyewe ilikuwa inaigongea kerneli usiku kucha, na haina la kusema.

Nikaamua kuwaandikia watengenezaji. Nilikuwa na hasira za kutosha aya tatu. Lakini watu hawa wana masharti, na ni haki yao: taja toleo la romu, toleo la kerneli, ambatisha logi (kumbukumbu za yanayotokea ndani ya simu), taja toleo la besibendi. Besibendi ndiyo programu ya ndani ya modemu, na namba yake ipo kwenye «Kuhusu simu». Nikaifungua ili ninakili. Ndani ya namba ile kulikuwa na tarehe, na tarehe yenyewe ilikuwa ya zamani mno. Moyo ukanidunda kidogo. Nikarudi kwenye maelekezo ya kuweka romu, yaleyale niliyoyafuata. Mstari wa tatu, kabla hata ya kufungua bootloda, ile programu inayoiwasha simu na kuzuia mifumo ya kigeni: hakikisha simu ina programu ya ndani ya toleo la mwisho la kiwandani, usiendelee bila hiyo.

Nilikuwa nimeuruka. Nakumbuka hata niliuona. Nikajisemea ah, simu inawaka, inatosha.

Wengi tunadhani ukiweka romu umebadilisha kila kitu. Hapana. Romu inabadilisha Android na mara nyingi kerneli. Programu ya modemu hukaa kwenye kizigeu chake, yaani sehemu yake iliyotengwa ndani ya hifadhi ya simu, na mara nyingi romu haiigusi. Kwa hiyo nilikuwa na kerneli mpya inayoongea na modemu ya kale. Zilielewana kiasi cha kupiga simu na kutuma ujumbe, ndiyo maana sikuhisi chochote mchana. Lakini kwenye suala la nani alale saa ngapi, hazikuelewana.

Aya zangu tatu nikazifuta.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua dakika ishirini, na nyingi zilikwenda kwenye nakala za akiba. Hapa sitanii: kabla hujagusa chochote kinachohusu modemu, nakili pembeni vizigeu vinavyobeba IMEI, ile namba ya kuitambulisha simu kwenye mtandao, na vipimo vya redio. Vikiharibika, romu yoyote utakayoweka haitaiona laini. Na hakikisha kifurushi ni cha namba ya modeli yako kamili, maana simu moja ya jina moja inaweza kuwa na modeli nne na modemu nne tofauti. Nilisoma namba iliyoandikwa ndani ya simu na ile ya nyuma ya boksi, nikazilinganisha herufi kwa herufi kama karani wa benki. Nikaflashi, yaani nikaiandika upya, programu ya ndani ya toleo la mwisho la kiwandani, nikaiacha romu ilivyo, data zangu sikuzifuta.

Usiku huo sikulala vizuri kwa udadisi. Asubuhi: kutoka 94 hadi 88. «Uptime» dakika 47. Ile kabari ya modemu imeshuka hadi chini kabisa ya orodha, dakika 3.

Zile programu nilizokuwa nimezibana nimeziachia zote, na ya kuua wenzake nimeiondoa. Mdogo wangu nimemwonyesha daftari, akaniuliza kama naweza kumwekea na yeye romu hiyo. Nimemwambia alete simu pamoja na boksi lake. Kilichobaki kwangu ni kamera: mchana nikirekodi video zaidi ya dakika kumi, mgongo wa simu unachemka. Ila hilo ni jambo la skrini ikiwa wazi, na nimelifungulia ukurasa wake.