Jina la 15
Asubuhi ya leo, nikiwa ndani ya matatu ya kutoka Kangemi kwenda mjini, hatimaye nilielewa kosa lililoninyima usingizi kwa siku mbili. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya Java ya kuhifadhi majina ya wanachama wa chama chetu, nikatumia safu (array, yaani mfululizo wa nafasi zenye namba za kuhifadhia data) yenye nafasi 14, na kila nilipoingiza jina la 15 programu ilikatika papo hapo. Safu ni kama matatu ya abiria 14: ukubwa wake huamuliwa inapoundwa na haubadiliki tena. Isitoshe, nafasi zake huhesabiwa kuanzia 0 hadi 13, kwa hiyo hata kuitaja nafasi namba 14 ni kosa (makanga wetu, bila shaka, angempatia abiria huyo pa kukaa).

Nilipohamia ArrayList, orodha ya Java inayoweza kuongezeka ukubwa, majina yote yaliingia. Kilichonishangaza ni kwamba ndani yake mna safu ileile ya kawaida, ambayo ikijaa huundwa nyingine kubwa zaidi, kisha vyote vilivyokuwamo hunakiliwa humo. Majina ya siku saba za wiki, hata hivyo, nimeyaacha kwenye safu, kwa kuwa idadi yake haibadiliki.