Alhamisi kwa Mama

Kila Alhamisi saa kumi jioni napanda daladala kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, daftari kwapani, kumweleza msimamizi wangu wa kazi ya ushauri nasaha, ninayemwita Mama, niliyoyakoroga wiki nzima. Majina ya wateja hayamo. Naandika tu "mzee wa viazi" (na hapa hata hivyo viazi nimevibadilisha).

Juzi nilijisifu: mzee alilia, nikampa leso upesi, akatulia. Mama akanimiminia chai.

"Kilio kilimsumbua nani, mwanangu? Yeye au wewe?"

Nikanyamaza. Baba yangu tulimzika Juni, baridi ya Mbeya ikiuma, na mimi sikutoa chozi. Chuoni tulifundishwa kumsikiliza mteja. Kujisikiliza ukiwa umeketi mbele yake, labda siku hiyo nilisinzia.

Kesho mzee anarudi. Leso nitaiacha mezani, aichukue mwenyewe akitaka.