Siku Moja Maishani Mwangu: Kinu Kikiyeyuka Kwenye Kompyuta

Saa 1:10 asubuhi. Basi la wafanyakazi latoka Manosque kwenda Cadarache, kituo cha utafiti wa nyuklia kusini mwa Ufaransa. Mama ananipigia kutoka Tanga: "Bado unachezea mabomu, mwanangu?" Nimeshamweleza mara nyingi.

Saa 2:30. Mahesabu ya usiku ya kompyuta yamekwama pale sodiamu, metali ya kimiminika inayopoza kinu, ilipoanza kuchemka, nyuzi 883 hivi. Nachunguza vinu vya nyuklia vya nyutroni za kasi (nyutroni ni chembe zinazopasua atomi), vile vinavyoweza kuzalisha plutoni, fueli ya nyuklia, nyingi kuliko vinavyochoma. Wenzangu huhangaika ajali isitokee. Mimi naanzia ilipokwisha kutokea: pampu zimesimama, fimbo za kudhibiti, zile za kuzima kinu, zimegoma kushuka.

Saa 4:00. Kikao, na leo ni kirefu. Katika kinu cha kawaida kinachopozwa kwa maji, maji yakipotea nyutroni hazipunguzwi kasi tena, mnyororo wa kupasuka kwa atomi unakatika. Kinachosumbua ni joto lililobaki kwenye fueli. Kwetu sivyo. Fueli yetu ni kama mkaa uliotandazwa: ukikusanyika, moto unakolea. Wanafizikia Bethe na Tait walilipigia hesabu jambo hilo mwaka 1956. Tena katika kinu kikubwa, sodiamu ikichemka katikati, nguvu hupanda badala ya kushuka. Basi tunabishania njia: fueli iliyoyeyuka itokee wapi kabla haijajikusanya? Majaribio ya kuyeyusha fueli yaliyoitwa EAGLE, kule Kazakhstan, yalionyesha kwamba inaweza kutoboa ukuta wa mfereji uliowekwa makusudi na kutoka upesi. Nauunga mkono mfereji. Mwenzangu anataka kwanza kujua itatua juu ya nini huko chini, na ana haki.

Saa 7:00. Chakula. Pilipili hakuna.

Saa 8:15. Mwanafunzi wa mafunzo kazini ananitajia EBR-II, kinu cha sodiamu cha Idaho, Marekani, Aprili 1986: pampu zilizimwa kinu kikiwa kwenye nguvu kamili, mfumo wa dharura ukazuiwa, kikatulia chenyewe. Watu huutumia mfano huo kufunga mjadala. Kilikuwa kinu kidogo chenye fueli ya metali. Superphénix, kinu cha Ufaransa, ilitumia fueli ya oksaidi, na ukubwa wake ulikuwa megawati 1,200. Namrudisha kwa Fermi 1, kinu kingine cha Marekani, Oktoba 1966: kipande cha zirkoni kiling'oka, kikaziba njia ya sodiamu, fueli ikayeyuka kwa sehemu. Hakuna aliyeumia, lakini kipande chenyewe kiliongezwa kwa ajili ya usalama. Hilo limemnyamazisha.

Saa 11:20 jioni. Nimepunguza ukubwa wa matone ya fueli na kuyarudisha mahesabu kwenye foleni. Basi ni saa 11:45.