Siku Moja Elureko: Nilivyompeleka Mama kwenye Makao ya Nabongo

Safari yetu ya kwanza kutoka Kisumu kwenda kuyaona makao ya Nabongo, yaani wafalme wa Wanga wa magharibi mwa Kenya, iliharibika kwa kosa langu mwenyewe. Niliipanga siku ya Jumamosi bila kumwarifu mtu, nikasahau kwamba huku Magharibi Jumamosi ndiyo siku ya mazishi, na tulipofika Matungu, karibu na Mumias, yaliko makao hayo, tukaambiwa kwa upole kwamba mzee wa kutuongoza alikuwa matangani. Mama, mzaliwa wa Wanga aliyeolewa Maragoli, alikaa chini ya mwembe saa nzima huku akijikanda magoti, kisha tukarudi. Iliniuma sana, kwa sababu alitaka kuyazuru makaburi ya wafalme wa kwao kabla miguu haijamkatalia kabisa.

Mara ya pili nilichagua Ijumaa ya likizo ya Agosti. Nilitafuta namba ya mzee yule, nikampigia siku nne kabla na tena usiku wa kuamkia safari, nikamweleza hata habari ya magoti. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, maana mvua ya kwetu hupenda alasiri, na kutoka Mumias nilikodi gari dogo badala ya pikipiki.

Kazi kubwa ilikuwa kuwaandaa watoto, ambao wakisikia neno kasri hutarajia minara ya mawe. Basi ndani ya matatu, kati ya Kiboswa na Chavakali, niliwasimulia habari za Nabongo Mumia, aliyetawala tangu 1882 hadi alipofariki mwaka 1949, na boma lake la Elureko, mji ambao leo unaitwa Mumias kwa jina lake. Misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu ilipiga kambi hapo, na wapagazi wakapaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Mumia. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipita mwaka 1883. Askofu James Hannington akapita mwaka 1885, muda mfupi kabla ya kuuawa Busoga, katika Uganda ya leo. Waingereza nao walifanya Mumias kituo chao cha utawala, hadi makao hayo yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920. Binti yangu akauliza, "Kumbe Kiswahili kilifika huku kwa miguu?" Nikafurahi, kwa kuwa swali hilo lilinionyesha kwamba ameelewa.

Mzee alitupokea langoni. "Mulembe, kukhu," alimsalimu mama, kisha akamsogezea kiti alichokuwa amekiandaa tangu asubuhi. Mama alivua ndara, akafuta vumbi miguuni kwa ncha ya leso, akaketi. Mzee alipoanza kuyataja majina ya wafalme mmoja baada ya mwingine, niliona midomo ya mama ikimfuata kimyakimya. Alipomaliza, mama alimwomba arudie tangu mwanzo. Ilikuwa saa tano kasorobo na mbingu bado nyeupe, naye mzee akaanza upya.