Mwezi tatu, mwamba mtupu

Jana jioni nashuka pale kituoni kwetu kama kawaida, yule kijana wa pweza kashawasha jiko, harufu imeshika barabara nzima mpaka abiria kwenye daladala wanageuza shingo. Mimi harufu ya pweza wala hainitii njaa siku hizi, inanitia aibu. Wale mliokuwa na mimi zama zile za kusini mnajua naongelea nini, wengine nivumilieni tu.

Nilikuwa na miaka 26 na cheo kinaitwa mwezeshaji. Kumwezesha nani afanye nini hakuna aliyewahi kuniuliza. Nashuka Nangurukuru, kule Kilwa, na basi la Dar, rola ya flipchati kwapani, begi limejaa makapeni, nadandia bodaboda kuelekea baharini na bango la mradi limekunjwa mgongoni kama mkeka wa mtu anayeenda msikitini. Kijiji sikitaji, wenyewe wapo na bado tunasalimiana.

Shughuli yenyewe ilikuwa mkutano wa wadau wa pweza. Wazo lilikuwa zuri na mpaka leo nalitetea. Pweza haishi sana, mwaka hivi, akizidi mno mwaka na nusu, jike akishataga anajifungia pangoni kulinda mayai, hali kitu, yakishaanguliwa naye anakufa. Lakini akiachwa anakua kwa kasi ya ajabu, yule mdogo wa leo mpe miezi miwili mitatu humtambui. Kwahiyo mnafunga kipande cha mwamba miezi mitatu, hakuna kuchokoa, mnafungua mnavuna wakubwa. Wenzetu wa Andavadoaka kule Madagascar walianza hivyo mwaka 2004 na habari zikasambaa mwambao mzima. Kazi yangu ilikuwa kuwakalisha watu wote wanaohusika wakubaliane wafunge wapi, lini, na siku ya kufungua nani aingie. Kwenye andiko la mradi niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nusu ya washiriki watakuwa wanawake, maana kule wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakipwa ni akina mama. Wanaume wengi wanazamia, na miwani na ngalawa.

Basi siku ikafika, saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji. Mtendaji yupo, mwenyekiti yupo, kamati ya BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, yupo karibu kila mtu, bwana samaki, yaani ofisa uvuvi, kaja na pikipiki yake, wazamiaji, wenye vyombo, wakala wa kiwanda na mzani wake hata sijui alikuja nao wa nini. Akina mama watatu, na mmoja ndo mpishi wetu. Nikauliza wengine vipi, nikaambiwa wanakuja, unajua tena akina mama na shughuli za nyumbani. Nikaamini. Mimi mwanamke, nikaamini.

Tukaanza. Kanuni za mkutano, simu kimya, kila wazo liheshimiwe, matarajio yenu ni nini, mambo yote niliyofundishwa kwenye semina ya siku tano. Na niwaambie ukweli, mkutano ulikuwa mtamu! Hakuna kelele, hakuna kukatana kauli, mzungumzaji mmoja anamalizia sentensi ya mwenzake. Mpaka inakaribia saa sita tumeshaafikiana kwa kauli moja, nimeandika kwa wino mwekundu kwenye flipchati, TUFUNGE MWAMBA WA NDANI, sababu uko karibu na ni rahisi kuulinda. Nikamtumia bosi meseji kwamba huku mambo mswano, huenda tukamaliza kabla ya chakula.

Ndo ikaja hodi.

Hiyo hodi nikifumba macho naisikia. Mlangoni bibi mmoja, mfupi, mweusi tii, khanga imelowa mpaka mapajani na maji yanadondoka kwenye sakafu ya saruji, mkono wa kulia kashika mkuki wake wa chuma, wa kushoto utepe wa ukindu na pweza watatu wananing'inia. Nyuma yake kivuli tu, nikachungulia, kumbe akina mama kama kumi na wote wamelowa. Watu wa kwenye mabenchi wote ghafla wakawa wanaangalia makaratasi yao. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitika marahaba mwanangu, vizuri kabisa, na tabasamu. Mtendaji akamwambia karibu bibi ila umechelewa, jisajili kwanza pale mezani.

Akaenda mezani. Akaweka wale pweza juu ya daftari la mahudhurio.

Nadhani hakukusudia, ile ndo meza pekee iliyokuwepo, ila nilivyoona yale maji yanaingia kwenye majina na namba za simu na sahihi za watu moyo ukanilipuka, posho zote zinategemea lile daftari. Nikawa nataka kumwambia bibi samahani toa hapo, mdomo haufunguki. Yeye hana habari. Anaangalia ukutani, anaangalia bango langu, hakujua kusoma lakini tarehe aliijua maana akageuka akaniuliza mimi, siyo mwenyekiti, mimi, "Siku hii kakupa nani?"

Nikasema bibi tulipanga na ofisi.

"Leo mwezi tatu," akasema. "Mwezi tatu saa hizi mwamba mtupu. Hata mtoto wa chuoni anajua."

Nilikuwa sijaelewa bado, mtoto wa Dar mimi, bahari kwangu ilikuwa Coco Beach siku ya Idi. Bwana samaki ndo akaninong'oneza kwa unyonge, dada, mwezi tatu ni siku ya tatu tangu mwezi uandame, ni bamvua. Mwezi ukiandama siku hizo za mwanzo maji yanakupwa kabisa na yanakupwa saa nne saa tano asubuhi, ndo siku chache za kushuka mwambani. Tena mwezi ukiwa mpevu yanarudi hivyo hivyo. Kwa maneno mengine mimi nilichukua kalenda ya ofisini, nikachagua Jumanne kwa sababu Jumatatu kuna kikao na Ijumaa watu wanawahi swala, nikaangukia saa ileile ambayo kila mwanamke wa kijiji yuko kwenye mwamba kiuno kimeinama. Na sisi tumekaa tunaufunga.

Yule bibi akauliza mmefikia wapi. Mwenyekiti akaanza kumweleza, akafika kwenye mwamba wa ndani, akina mama pale mlangoni wakaguna kwa pamoja. Maana mwamba wa ndani ndo wa kwao, ndo unaofikika kwa miguu. Wa nje wa wazamiaji ungebaki wazi miezi yote mitatu. Bibi akasema jambo moja refu kuhusu siku ya kufungua, kwamba mzamiaji anaingia alfajiri maji yakiwa bado yamejaa, mpaka yanakupwa mwanamke anafika anakuta mapango matupu, sasa hiyo miezi mitatu ya njaa amefunga kwa ajili ya nani. Alivyomaliza mwenyekiti akanigeukia akasema, "Anachosema mama ni kwamba wanaunga mkono ila wanaomba elimu zaidi." Alimtafsiria mtu Kiswahili kwa Kiswahili, mimi nipo, nimesikia mwenyewe! Na makapeni lilikuwa tayari kwenye karatasi, nilishaandika "wanaomba eli".

Nikasimamisha. Sikusimamisha kwa ushujaa, daftari lilikuwa linavuja. Nikasema tule kwanza.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Niliomba ofisini siku sita zaidi nikapewa mbili, nyingine nikajilipia gesti mwenyewe. Tukakutana tena mwezi tisa, siku sita baadaye, maji mafu, siku ambazo hakuna wa kushuka mwambani, baada ya alasiri, chini ya mkungu pale wanaposukia ukili. Akina mama peke yao kwanza, wazamiaji peke yao, ndo wote pamoja. Bango sikulitundika. Bibi akachora mwamba mchangani kwa ule mkuki wake, na safari hii ilikuwa vurugu tupu, watu walipiga kelele mpaka magharibi ikaingia, kuna mzamiaji aliondoka kwa hasira akarudi, wakala akasema yeye chini ya nusu kilo hanunui kwahiyo wanaokota wadogo wa nini, akaambiwa watoto wanakula nini basi. Wakakubaliana kufunga kipande cha ndani na kipande cha nje, na siku mbili za mwanzo za kufungua waingie wa miguu tu.

Siku ya kufungua mimi sikuwepo. Nilikuwa Dar najieleza kwa mhasibu kuhusu daftari lenye sahihi zilizoyeyuka, ambazo alizikataa, na zile posho nilikuja kuzilipa kidogo kidogo mfukoni kwangu. (Bibi ya kwake aliipokea palepale siku ya kwanza, na akaondoka na soda tatu za wale ambao hawakuja.) Niliambiwa kwa simu kwamba akina mama walitoa pweza wakubwa kweli, na niliambiwa pia kwamba usiku wa kuamkia siku ile kulionekana taa baharini, za nani haikujulikana. Yote mawili niliyaamini.

Kinachonirudia ni jambo jingine kabisa. Siku naondoka mwenyekiti alinisindikiza mpaka barabarani, kanibebea na begi, mtu mwenye adabu zake. Nikamuuliza, mzee wangu, kwani ulikuwa hujui kwamba ile siku ni bamvua? Akacheka. Akasema, "Mwanangu, ulikuja na tarehe imeshachapwa kwenye bango, mgeni tumrudishe?" Nikaona kweli, kosa langu. Nimefika Somanga basi limesimama watu wananunua samaki ndo nakumbuka kwamba zile ngalawa mbili kubwa za kuzamia ni zake. Kosa langu bado, au? Mpaka leo nikipanga kikao naangalia mwezi kwanza, hata nilipokuwa Dodoma, wakawa wananicheka.

Jana nilinunua mkia mmoja wa mia tano, mwembamba kama kidole changu cha mwisho. Nikamwambia yule kijana huyu hata nusu kilo hakufika. Akaniangalia na kijiti mkononi.

"Dada, pilipili niweke nisiweke?"

Nikamwambia weka.